Nyanya za Soko na Nyanya za Nyumbani

Jumanne moja ya mwezi wa tano, saa mbili asubuhi, Rahab alikuwa shambani akifunga nyanya kwenye vijiti. Alifunga kwa vipande vya neti ya mbu iliyoraruka, kwa sababu kamba ya katani hukata shina na neti haikati. Mtoto wake wa mwisho, Wanyoike, wa miezi minane, alikuwa amelazwa juu ya gunia upande ule upepo unatokea, ili dawa isimfikie. Nyuma ya Rahab alikuja mume wake, Ngige, na pampu mgongoni. Kila mche Rahab alipomaliza kuufunga, Ngige aliulowesha mpaka ukadondosha maji.

Shamba lao liko nje ya Kitale, ukishuka kuelekea Kiminini. Msimu uliotangulia blaiti, ule ugonjwa wa ukungu, iliingia Jumamosi, na kufika Jumatano nyanya zote zilikuwa nyeusi kama zimepitiwa na moto. Walivuna ndoo moja. Kwa hivyo msimu huu Ngige alisema watajaribu njia mpya. Alienda Mabanga, upande wa Bungoma, siku ya wakulima, akakaa kiti cha mbele na kuandika kila kitu kwa daftari la mtoto: inua matuta, tandaza nyasi kavu chini, egemeza kwa vijiti, ng'oa vichipukizi vya kwapani, mwagilia mizizi na si majani. La mwisho lilisema, ukishapiga dawa, ngoja siku zilizoandikwa kwenye chupa ndipo uchume.

Ngige alifuata yote isipokuwa hilo la mwisho. Si ati alikataa. Chupa yake haikuwa imeandikwa kitu. Aliinunua Lwakhakha, mpakani, kwa mtu aliyebeba chupa kama hizo ndani ya kikapu cha mayai, na dawa yenyewe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliichanganya na nyingine mbili za dukani kwa pampu moja, kwa sababu mvua ya Kitale haingoji mtu. Akawa anapiga kila siku ya tatu, na tena jioni ya kuamkia kuchuma.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na mistari miwili ya nyanya ambayo pampu haikuifikia. Nyanya zake zilikuwa ndogo, zina madoa, nyingine zimetobolewa na viwavi. Hizo zilikuwa za nyumbani. Zile za shambani zilikuwa za soko. Karibu kila boma kwenye barabara hiyo lilikuwa na mistari kama hiyo nyuma ya jikoni, na hakuna aliyeificha. Mgeni akija, mtoto aliambiwa, "Chuma za nyumbani," na mtoto alijua aende wapi. Hakuna mtu aliyedanganya, kwa sababu hakuna mtu aliyeuliza.

Njia mpya zilifanya kazi. Mwezi wa sita jirani yao Kiptanui alipoteza nusu ya nyanya zake, lakini za Ngige zilisimama kwenye vijiti, nyekundu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Tena zilikataa kuoza. Moja ilianguka nyuma ya kochi wakati wa kupanga, ikaja kupatikana baada ya wiki nyingi ikiwa vile vile, ngumu, na nzi watatu wamekauka kando yake. Rahab aliifagia pamoja na nzi wake akaitupa chooni.

Mnunuzi wao alikuwa Nakhungu, mwanamke wa Misikhu mwenye pikapu ya kijani. Nakhungu hakuwa anaonja nyanya. Alikuwa anainusa tu.

"Khane, hii imepigwa lini?"

"Jana jioni," Ngige alisema.

"Hiyo ni sawa. Hiyo itafika. Ile ya huyo jirani yako ilinifia Kamukuywa, nikashinda nauza supu."

Rahab alitandika majani ya mgomba chini ya kila kreti ili nyanya zisichubuke. Wengine hutandika magazeti. Halafu akafunga mdomo wa kreti kwa kipande cha neti, na Nakhungu akashuka nazo kuelekea Bungoma. Rahab hakuuliza zinaenda kwa nani. Hakuna mtu huuliza nyanya ya soko inaenda wapi. Inaenda soko.

Kifungua mimba wao, Nyaruai, alikuwa na miaka kumi na mmoja na alisoma shule ya bweni upande wa Bungoma, si mbali na hapo Misikhu. Aliitwa jina la mama mzazi wa Ngige, kama desturi ya kwao inavyotaka, na ndiyo maana Ngige hakumwita kwa jina. Alimwita Maitu, yaani mama yangu, na alipomtuma alimtuma kwa heshima.

Wiki ya tatu ya mwezi wa sita matroni wa shule, Jelagat, alipiga simu.

"Mama Nyaruai, usishtuke. Mtoto ni mzima."

"Sasa mbona unapiga?"

"Ni hivi. Mbu wanakufa kwa bweni. Wakifika kwa kitanda cha Nyaruai wanaanguka. Kwa hivyo tumeonelea awe analala kila bweni siku mbili, ndio watoto wote wapate. Nilitaka tu ujue godoro lake linatembea. Lisije likapotea useme ni sisi."

Rahab aliuliza kama mtoto anakula.

"Huyo? Huyo anakula kushinda wote," Jelagat akasema.

Ijumaa ya mapumziko ya nusu muhula Nyaruai alifika nyumbani. Alipoingia, nzi waliokuwa wanazunguka meza walianguka ndani ya chai. Ngige aliwatoa kwa kijiko, akanywa. Kuku mwenye vifaranga alivihamisha kimoja kimoja mpaka ng'ambo ya ua. Mbwa, ambaye zamani alikuwa anamrukia mpaka anachafua sweta, alimsalimia kwa mkia kutoka mbali. Karibu saa kumi nyuki wa kwenye mzinga walitoka kwa mstari, polepole, kama watu wanaotoka kanisani, wakaelekea upande wa Mlima Elgon. Hawajarudi.

Rahab alimtazama mtoto. Alikuwa amekonda kidogo, na ngozi yake inang'aa. Alinuka kama beseni jipya la plastiki.

"Huko shuleni mnakula nini?"

"Githeri. Na nyanya zetu."

"Zetu gani?"

"Zetu, mama. Zinakuja na majani ya mgomba chini na zimefungwa na ile neti yetu. Siku ya kwanza niliziona jikoni nikajua ni wewe umefunga. Wenzangu hawazipendi mbichi. Mimi ndio huwa naosha, wananiachia. Nakula tano, saa zingine sita. Nikikumbuka nyumbani naenda kuuliza mpishi kama iko ingine."

Rahab alikuwa amesimama. Alivuta debe akalikalia. Mwenye mtoto shule ya bweni arudie hapo asome tena.

Kesho yake asubuhi Nyaruai alienda shambani kutembea tu, vile mtoto hutembea akitoka shule. Kila mche uliogusana na gauni lake, viwavi walianguka chini kama mvua ya mawe, wakalala juu ya nyasi kavu. Ngige alisimama akaangalia. Akashusha pampu mgongoni.

"Maitu, hebu pita na huu mstari."

Akapita.

"Na ule wa pale."

Kufika saa sita alikuwa amemaliza shamba lote. Ngige hakuwa mtu mbaya, na siku hiyo hakufurahi wala hakuhuzunika. Aliangalia jambo hilo vile aliangalia nyasi kavu na vijiti. Alisema, "Hii haikuwa kwa daftari," na akaenda kunawa mikono.

Jumapili baada ya kanisa Kiptanui alikuja na jagi la maziwa.

"Nimesikia msichana anafanya kazi safi," alisema. "Niazime saa moja tu. Kabichi zangu zimekuwa wavu."

"Huyu ni mtoto, Kiptanui. Si pampu."

"Si ndio nasema, Mama Nyaruai. Pampu ingenipasua mgongo."

Ngige alicheka. Rahab naye alicheka kidogo, kabla hajajizuia. Nyaruai akaenda kwa Kiptanui, akapita katikati ya kabichi, akarudi na andazi. Jumatatu watu saba walikuwa langoni wakingoja zamu, huyu na mayai, huyu na maziwa, huyu na sukari kwa karatasi. Mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto alimfundisha atembee akiwa amefungua mikono, ili afagie mistari miwili kwa mpigo. Jumanne shule ilipiga simu kuuliza atarudi lini, maana mbu walikuwa wamerudi.

Ngige alimwambia Rahab, "Wewe ndiwe umekuwa ukilia na pampu kila siku. Sasa si nimeitundika?"

Ilikaa imetundikwa siku tano. Blaiti si mdudu, haifi kwa kupitiwa na mtoto. Mvua ilinyesha Jumatano mchana kutwa, na Alhamisi majani ya chini yalikuwa na madoa. Ngige akaitungua pampu, akafungua ile chupa. Tangu hapo vikawa viwili: pampu kwa blaiti, mtoto kwa viwavi.

Rahab alimpeleka Nyaruai zahanati moja mjini. Daktari alimpima uzito akaona amepoteza kilo tatu. Akamwambia anyooshe mikono, na mikono ilitetemeka, si sana. Akauliza ni dawa gani imemwingia. Rahab alitoa ile chupa kwa mfuko. Daktari aliizungusha, akatafuta jina, akairudisha. Kwenye karatasi, pale pa kuandika kilichomdhuru mgonjwa, akaacha wazi. Halafu akauliza kwa adabu kama msichana anaweza kukaa chumba cha akina mama waliojifungua mpaka saa kumi, maana mbu huko ni wengi na neti hazitoshi. Nyaruai alikaa. Watoto wachanga walilala kimya siku hiyo yote bila kusumbua, na wauguzi wakasema hawajawahi kupata siku nyepesi hivyo.

Nyumbani Rahab alianza kumlisha kutoka nyuma ya jikoni peke yake. Nyanya zenye madoa, sukuma wiki iliyotobolewa, maziwa ya ng'ombe wao. Alimwogesha kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alisema moyoni kwamba kilichoingia kwa kula kitatoka kwa kula. Kila asubuhi alimpeleka karibu na mzoga wa panya kwenye shimo la takataka aone kama nzi watakaa. Nzi hawakukaa.

Ijumaa mchana, Rahab akiwa anafua, Nyaruai alimfunga Wanyoike mgongoni, vile amekuwa akimfunga tangu mtoto azaliwe. Akamwimbia akizunguka ua. Wanyoike alilala saa kumi. Saa mbili hakuamka kunyonya. Asubuhi hakuamka. Aliamka Jumamosi saa sita, na kwa muda aliangalia mabati tu, hakuangalia mtu. Kisha akalia, na Rahab akamweka titini akamshukuru Mungu kwa kile kilio.

Alimwita Nyaruai aje mpaka mlangoni, asiingie.

"Usimbebe mtoto tena."

"Hata nikioga?"

"Hata ukioga."

Nyaruai alifikiria. Alikuwa amevaa sweta ya shule na gambuti za babake.

"Mama, kwani mimi ni wa soko?"

Rahab alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo, lakini lilichelewa, na mtoto alisikia vile lilivyochelewa. Akachukua blanketi lake akahamia stoo, kwa mahindi. Tangu siku hiyo fukusi hawajagusa hata punje moja ya mahindi hayo.

Jumatatu Rahab alimwachia Ngige mtoto akaenda Misikhu. Alimpata Nakhungu sokoni amekaa kwa kreti iliyopinduliwa, anachagua nyanya, kubwa huku, ndogo huku. Kando yake mama mwingine alikuwa anamenya maharagwe.

"Usipeleke nyanya zetu shuleni tena," Rahab alisema.

"Shule gani?"

"Ile ya mtoto wangu. Unajua ni gani."

"Kwani ziko na nini?"

"Unajua ziko na nini."

"Mimi najua zinafika." Nakhungu hakuinua kichwa. "Sawa, mayi. Nimetoa shule. Nipeleke wapi? Hoteli za Webuye? Dada yangu anakula huko kila siku. Bungoma soko? Hao ndio naimba nao kwaya. Hapa Misikhu? Hapa ndio kwangu. Wewe nitajie mdomo, mimi nitapeleka."

Rahab aliokota nyanya moja kwenye fungu la ndogo, akairudisha.

"Si umwambie mzee wako aache kupiga hiyo dawa," mama wa maharagwe alisema.

"Akiacha zitakuwa nyeusi. Wewe utanunua nyeusi?" Rahab akauliza.

Mama wa maharagwe alifikiria kwa haki. "Aa, hapana," akasema. "Mimi siwezi."

Rahab alisimama hapo na pochi yake kwapani. Alipita miji yote kichwani, na kila mji ulikuwa na mtu wake. Kiminini kulikuwa na binamu. Kimilili kulikuwa na mwalimu aliyemfundisha kusoma. Chwele kulikuwa na mke wa pasta. Alienda hivyo mpaka akafika mahali ambapo hakuona uso wa mtu yeyote.

"Peleka Lwakhakha," alisema.

"Huko hauna mtu?"

"Sina."

"Sawa. Ni mbali, lakini wanapenda nyanya."

Rahab alirudi nyumbani na siku hiyo alilala vizuri. Hilo nalo liandikwe, kwa sababu limo ndani ya mambo yenyewe.

Alifanya jingine moja. Alimwandikia mwalimu mkuu barua ya kurasa mbili, akaeleza habari ya chupa, na pampu ya jioni, na mistari ya nyuma ya jikoni, akamwomba awe anauliza nyanya zimetoka wapi. Mwalimu mkuu alijibu vizuri. Alisema wazazi wengine hawajaleta malalamiko, kwamba shule imempata mkulima mwingine, na kwamba kama Nyaruai hana nguvu ya kusoma anaweza angalau kuja wikendi kulala. Mkulima huyo mwingine alikuwa Kiptanui. Alikuwa amejaribu njia mpya yeye pia, na chupa alinunua kwa yule yule mtu wa kikapu cha mayai.

Mwezi wa nane ulipofika mambo yalikuwa yameshazoeleka. Nyaruai hakurudi shule. Jumatatu mpaka Ijumaa alipita mashamba ya watu, na kila mtu alijua siku yake. Hakupungua tena, na hakuongezeka. Sweta ya shule ilikaa vile ilivyomkaa siku aliyokuja. Jioni alikaa mlangoni pa stoo, na Rahab alikaa kwa stuli hatua sita kutoka kwake, kwa sababu alikuwa amejaribu na nzi akaona hatua ya sita ndipo wanapoanza kuishi. Walizungumza mambo ya kawaida. Nani ameolewa, ng'ombe wa nani amezaa.

"Wanyoike anafanya nini siku hizi?"

"Anasimama. Anashika kochi anasimama."

"Mwambie namsalimia."

"Nitamwambia."

Ngige aliongeza mistari minne upande wa mto. Alinunua pampu ya pili. Nyuma ya jikoni Rahab aliongeza mstari mmoja wa za nyumbani, ikawa mitatu, na majirani nao waliongeza za kwao. Barabara yote, ukipita nyuma ya majiko, ungeona mistari hiyo yenye madoa imetunzwa vizuri kuliko zamani, imezungushiwa miiba.

Alhamisi ya pili ya mwezi huo Nakhungu alifika na pikapu yake saa nne asubuhi. Nyanya zilikuwa zimechumwa, bado zina harufu ya jana jioni. Rahab alizipanga na Nakhungu akawa anahesabu kwa vidole, si pesa, anahesabu habari alizotoka nazo huko, kama kawaida yake. Daraja la Lwakhakha lilijaa maji. Sukari imeadimika. Mchungaji fulani amehama kanisa.

"Na kuna mtoto huko," alisema. "Kijana mdogo, labda miaka saba. Mamake anauza mandazi pale karibu na mpaka. Ati siafu wakimkuta njiani wanapinda. Sasa watu wenye kahawa wanamwomba apite kwa mashamba yao. Mamake anauliza kila mtu kijana amekula nini."

Rahab aliendelea kupanga.

"Anaitwa nani?"

"Sikuuliza. Unataka nikuulizie?"

Ng'ambo ya ua, kwenye kabichi za Kiptanui, Nyaruai alikuwa anapita polepole na mikono imefunguliwa. Alifika mwisho wa mstari, akageuka, akaanza mwingine. Wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani, na yeyote mwenye nyanya shambani angeona kwamba mvua itafika kabla ya saa nane.

"Hapana," Rahab alisema.

Nakhungu akashika upande mmoja wa kreti. Rahab akashika upande ule mwingine, kwa sababu kreti ya nyanya ikijaa haibebwi na mtu mmoja. Wakaangaliana ili wasitanguliane, wakainua.